Folda moja, Linux na Windows: mambo ya kuzingatia kabla hujaanza kugawa ruhusa

Ofisi nyingi za utalii hapa Arusha zina mpango uleule. Kompyuta moja ya mezani iliyotumika imewekwa Ubuntu (aina ya Linux) na diski kubwa, inakaa pembeni kama seva. Laptop za Windows za mhasibu, mpanga ratiba na msimamizi wa madereva zinachota mafaili humo kupitia Samba, programu inayoiwezesha Linux kushea mafaili na Windows. Ni mpango mzuri, wala haudai leseni. Unaharibika mtu anapoanza kugawa ruhusa bila kujua ni mlango upi anaufungua. Soma kwanza, kibodi baadaye.

Seva iwe na anwani isiyobadilika. Ingia kwenye ruta uitengee moja, mfano 192.168.1.10, la sivyo umeme ukikatika na kurudi itapewa nyingine, na watu watasema ruhusa zimegoma kumbe seva imehama tu. Seva iwe na UPS, hili halina mjadala. Ukuta-moto ufunguliwe kwa `sudo ufw allow samba`. Bandari inayohusika hasa ni TCP 445.

Ukiitwa kwamba "folda haifunguki", usikimbilie chmod, amri ya Linux ya kubadilisha ruhusa. Fungua Command Prompt kwenye ile Windows yenye shida, andika `net use \\192.168.1.10\ofisi`, usome namba ya kosa. Namba 53 ni mtandao: seva haifikiki, ruhusa hazijaguswa kabisa. 67 ina maana jina la folda uliloandika halipo kwenye seva. 1326 ni jina la mtumiaji au nenosiri. 5 ndiyo ruhusa yenyewe. 1219 ni Windows kung'ang'ania akaunti ya zamani, tutaifikia. Aliyesoma namba hii amemaliza nusu ya kazi. Asiyeisoma atashinda anabadilisha vitu ambavyo havikuwa na kosa.

Samba ina daftari lake la manenosiri. Kuwa na akaunti kwenye Linux hakutoshi, na kubadilisha nenosiri la Linux hakubadilishi la Samba. Kwa kila mtu fanya mambo mawili: `sudo usermod -aG ofisi jina` kumwingiza kwenye kundi, kisha `sudo smbpasswd -a jina` kumpa nenosiri la Samba. Hiyo herufi `a` kwenye `-aG` usiisahau hata siku moja. Bila hiyo, mtu anatolewa kwenye makundi yake mengine yote, na kama ni wewe mwenye `sudo` (mamlaka ya msimamizi), umejifungia nje. Mtu akishaongezwa kwenye kundi, atoke kwenye Windows aingie upya, maana Samba husoma makundi wakati wa kuunganishwa.

Ruhusa zina ngazi mbili, na ngazi kali ndiyo inayoshinda. Ya kwanza ni maelezo ya folda ndani ya `/etc/samba/smb.conf`. Ya pili ni ruhusa za Linux zenyewe kwenye diski. Ukiandika `read only = no` huku diski inakataa, umekataliwa. Diski ikikubali huku hukuandika chochote kwenye smb.conf, umekataliwa vilevile, kwa sababu Samba ikiachwa hivyo hivyo huruhusu kusoma tu. Kumbuka pia kwamba kila folda iliyo njiani lazima impitishe mtu. Ndiyo maana kushea folda iliyo ndani ya `/home` ya mtu kunasumbua: tangu Ubuntu 21.04, nyumba mpya ya mtumiaji hutengenezwa na ruhusa 750, wengine hawapiti hata kama folda ya ndani iko wazi kabisa. Amri `namei -l /srv/ofisi/ratiba` inakuonyesha njia nzima ngazi kwa ngazi, nani anapita na nani anakwama. Wewe weka mafaili ya ofisi kwenye `/srv/ofisi`, uachane na nyumba za watu.

Sasa lile linaloumiza watu kuliko yote. Fundi anakuja, anatengeneza folda, anapiga `chmod -R 777` (ruhusa zote kwa watu wote), anajaribu kwa laptop yake mwenyewe, faili linafunguka, linahifadhiwa, analipwa, anaondoka. Asubuhi mpanga ratiba anafungua hati ya Word, "Serengeti siku 5", anarekebisha bei, anahifadhi. Saa moja baadaye msimamizi wa madereva anaifungua hati ileile abadilishe loji ya usiku wa pili, kwa sababu ya kwanza imejaa. Word inamwambia ni ya kusoma tu. Fundi anapigiwa simu, anaingia kwa mbali, anapiga 777 tena, inakubali. Mpaka mtu wa kwanza atakapohifadhi.

Ukiingia kwenye seva saa hiyo na kupiga `ls -l`, jibu liko wazi: `-rwxr--r-- ratiba ratiba`. Mwenye faili ana kila kitu, wengine wanasoma tu. Ile 777 imekwenda wapi? Imekwenda na faili la zamani. Word haiandiki juu ya faili lililopo. Inatengeneza jipya lenye jina la muda, inafuta la zamani, halafu inalipa jipya jina la zamani. Kwa macho ya watu ni hati ileile. Kwa Linux ni faili lililozaliwa sasa hivi, mwenyewe ni aliyelihifadhi mara ya mwisho, na ruhusa zake zimetoka kwenye `create mask` ya Samba, ambayo usipoigusa ni 0744. Chmod hurekebisha mafaili yaliyopo leo tu. Folda ya ofisi inazaa mafaili mapya kila dakika.

Na msimamizi wa madereva hakai kusubiri fundi. Anahifadhi nakala: "Serengeti siku 5 mpya". Mpanga ratiba akiikuta naye haiwezi, anatoa "mpya 2". Jioni safari moja ina hati tatu, na dereva anachapishiwa ile yenye loji ambayo haina nafasi. Wageni wanafika porini giza linaingia, mapokezi hawana majina yao. Chanzo ni mstari mmoja ambao haukuandikwa kwenye smb.conf.

Dawa yake ni kuweka kanuni ya mafaili yatakayozaliwa. Tengeneza kundi kwa `sudo groupadd ofisi`, kisha andika hivi:

```
[ofisi]
path = /srv/ofisi
valid users = @ofisi
read only = no
force group = ofisi
create mask = 0660
force create mode = 0660
directory mask = 2770
force directory mode = 2770
```

`Create mask` hupunguza ruhusa, `force create mode` huongeza; ukiziandika zote mbili hakuna programu itakayokuletea mshangao. Ile 2 ya mwanzo kwenye 2770 ndiyo inayofanya kila kitu kipya ndani ya folda kirithi kundi la folda badala ya kundi la mtu. Baada ya hapo safisha yaliyokwisha kuharibika, mara moja tu:

```
sudo chown -R root:ofisi /srv/ofisi
sudo find /srv/ofisi -type d -exec chmod 2770 {} +
sudo find /srv/ofisi -type f -exec chmod 660 {} +
```

Piga `testparm -s` ihakiki kama umeandika sawasawa, halafu `sudo systemctl restart smbd`. Kisha jaribu kwa watu wawili. Mmoja atengeneze hati ya Word, wa pili aifungue, abadilishe, ahifadhi, wa kwanza aifungue tena na kuhifadhi. Jaribio la mtu mmoja halithibitishi kitu, kwa sababu mtu hashindwi kufungua faili lake mwenyewe.

Kanuni hizo zinashika mafaili yanayopita Samba. Mtu akikaa kwenye seva yenyewe na kutengeneza faili, Linux inatumia umask yake, yaani ruhusa zinazopunguzwa kwa kila faili jipya; ikiwa ni 022, wenzake watasoma tu. Tibu kwa `sudo setfacl -R -d -m g:ofisi:rwx /srv/ofisi`. Na ukihamisha mafaili kwa `mv` kutoka folda nyingine ya diski ileile, yanakuja na ruhusa na kundi la yalikotoka, hayarithi kitu. Ukishayahamisha, yarudishie ruhusa kwa amri za hapo juu.

Diski ya nje iliyotoka Windows ni kesi yake. Ikiwa imeumbwa kwa NTFS au exFAT, mifumo ya diski ya Windows, chmod haitafanya unachotaka; mara nyingi ruhusa zinaamuliwa siku inapounganishwa, kwenye `/etc/fstab`, kwa `uid`, `gid`, `fmask=0117` na `dmask=0007`. Ikijiunganisha yenyewe chini ya `/media`, hupita mtu mmoja tu aliyeingia kwenye kioo cha seva, wengine wote wanapata namba 5. Ikigoma kuandikwa kabisa, huenda ilichomolewa kwenye Windows iliyozimwa kwa Fast Startup, yaani haikuzimika kabisa: irudishe kule, piga `powercfg /h off`, zima vizuri, ndipo uilete. Kama diski itaishi kwenye seva moja kwa moja, hamisha mafaili, iumbe upya kwa ext4, mfumo wa diski wa Linux, uachane na usumbufu huu wote.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Umeme umerudi, seva imewaka, diski ya nje haijaunganishwa. Samba haijui. Inashea folda tupu iliyobaki, watu wanadhani mafaili yamefutwa, wengine wanaanza kuhifadhi kazi mpya humo. Diski ikirudi, kazi ya siku hiyo inafunikwa chini yake. Kwa hiyo usishee mahali diski inapoungwa. Tengeneza folda ndani ya diski, mfano `/srv/diski/ofisi`, ushee hiyo. Diski isipokuwepo, folda haipo, watu wanapata kosa na kukupigia. Hivyo ndivyo unavyotaka.

Upande wa Windows, namba 1219 hutokea kwa sababu Windows hairuhusu majina mawili ya watumiaji kwa seva moja kwa wakati mmoja. Piga `net use * /delete`, fungua Credential Manager ufute yaliyohifadhiwa kwa anwani ya seva, toka na uingie upya. Kushea bila nenosiri usikutegemee tena: Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 inakataa wageni wasiojitambulisha, na utaona namba 1272. Usilegeze ulinzi wa laptop kumi ili kukwepa kutengeneza akaunti kumi.

Ukigeuza, Linux ikafuata mafaili yaliyoko Windows, jihadhari na PIN. PIN inafungua ile laptop pekee, haipiti mtandaoni. Akaunti isiyo na nenosiri nayo inakataliwa mtandaoni. Tengeneza akaunti ya ndani ya Windows yenye nenosiri, kwa ajili ya kushea tu. Huko nako kuna ngazi mbili, kichupo cha Sharing na cha Security, na kali ndiyo inashinda. Kwenye Linux weka kifurushi cha `cifs-utils`, unganisha kwa `mount -t cifs` ukitaja `uid`, `gid`, `file_mode=0660` na `dir_mode=0770`. Namba hizo zinaamua nani wa Linux apite. Anayeruhusu kuandika kwa kweli ni Windows.

Kama seva yako ni Fedora, Rocky au AlmaLinux, ruhusa zote zinaweza kuwa sawa na bado ukakataliwa, kwa sababu ya SELinux, ulinzi wa ziada juu ya ruhusa za kawaida. Usiizime. Piga `sudo semanage fcontext -a -t samba_share_t "/srv/ofisi(/.*)?"` kisha `sudo restorecon -Rv /srv/ofisi`. Huko huduma inaitwa `smb`, si `smbd`.

Yaliyobaki ni tahadhari. Nakili smb.conf kabla ya kuigusa. Bandari 445 isifunguliwe kwenye intaneti kwa sababu yoyote. Anayetaka kufanya kazi akiwa Moshi apitie VPN. Wi-Fi ya wageni iwe mbali na mtandao wa seva. Mfanyakazi akiondoka, piga `sudo smbpasswd -d jina` siku hiyohiyo. Na waambie watu wazi kwamba faili likifutwa kwenye folda ya mtandao haliendi Recycle Bin, limekwenda. Ongeza `vfs objects = recycle` na `recycle:repository = .taka` kwenye maelezo ya folda, pamoja na `recycle:exclude = *.tmp, ~$*` ili takataka za Word zisijae humo, na ukague `du -sh /srv/ofisi/.taka` kila mwisho wa mwezi, maana diski ikijaa hakuna atakayehifadhi kitu.