Kisanduku cha joto na baridi cha kujaribia saketi nyumbani

Saketi ikifanya kazi mezani, usiisifu bado. Meza ina nyuzi 25 mchana kutwa. Ifungie kwenye boksi la plastiki linalopigwa na jua, au iache nje usiku wa baridi, ndipo utaijua tabia yake. Mimi hutengeneza vifaa vidogo vya kurekodi vipimo, vya kukaa nje miezi bila kuguswa na mtu, na hakuna kinachotoka mikononi mwangu bila kupita kwenye kisanduku hiki. Chemba za maabara ni ghali, nzito, na kwa fundi wa peke yake hazina ulazima.

Lengo ni kutoka takribani −5 hadi 70. Vipuri vya daraja la kawaida huandikwa 0 hadi 70, vile vya viwandani −40 hadi 85. Ukitaka −40, huo ni mradi mwingine wenye kompresa, na hapa siugusi. Hasara yenyewe si kubwa: kasoro nyingi ninazozikamata hujitokeza kabla ya 60 kwenye joto, au jirani na sifuri kwenye baridi.

Boksi

Tumia polistirini, lile povu jeupe gumu la kufungashia vyombo. Nafasi ya ndani iwe sentimita 20 kila upande, kuta ziwe na unene wa sentimita 5. Usivutwe na boksi kubwa kwa kusema litakufaa baadaye. Kila sentimita unayoongeza utailipia kwenye upande wa baridi.

Piga hesabu kabla ya kukata kitu. Povu hili hupitisha joto kwa kiasi cha wati 0.035 kwa kila mita na kila nyuzi moja. Eneo la kuta, ukichukua wastani wa ndani na nje, ni kama mita za mraba 0.37. Ndani kukiwa 70 na chumbani 25, tofauti ni 45, basi 0.035 × 0.37 × 45 ÷ 0.05 inakupa karibu wati 12. Hilo ndilo joto linalovuja muda wote. Hita ya wati 36 itapandisha joto bila kuhangaika na bado ina akiba.

Polistirini huanza kulegea ikikaribia nyuzi 80, na jirani ya hita kuna joto kuliko hewa ya katikati. Kwa hiyo pandika plaiwudi ya milimita 3 kuta zote za ndani. Wengi hupenda karatasi ya alumini kwa sababu inang'aa na inapendeza, lakini alumini huzima redio: kifaa chenye antena kitakosa mtandao humo ndani nawe utalaumu baridi. Tena waya ulio wazi ukigusa ukuta wa alumini, umepata shoti.

Kwenye kifuniko zungusha utepe wa sponji wa kuzibia milango. Toboa tundu moja tu la nyaya, pitisha nyaya nyembamba, kisha shindilia sponji. Shaba nene ni njia ya joto kutoroka.

Hita

Vyote vya ndani viwe vya volti 12. Sitaki umeme wa ukutani ndani ya boksi linaloota unyevu, ndiyo maana balbu ya kawaida siitumii ingawa inapasha. Chukua rezista mbili za omu 8 zenye ganda la alumini, za wati 50 kila moja, uziunganishe sambamba. Zitakula ampea 3, yaani wati 36, kila moja ikibeba 18. Hizo wati 50 zilizoandikwa ubavuni ni za rezista iliyofungwa kwa skrubu kwenye bati la alumini lenye mapezi. Ikining'inia hewani haifiki huko.

Weka feni ya milimita 80 ipulize kwenye mapezi, na izunguke wakati wote, hita ikiwaka au isiwake. Bila feni, juu ya boksi patakuwa na joto na chini baridi, na namba kwenye kioo haitakuambia lolote. Elekeza upepo ukutani, usimwagike moja kwa moja juu ya kifaa.

Halafu fyuzi ya joto, inayokata umeme joto likizidi. Hii haina mjadala. Mosfeti, yaani swichi ya kielektroniki inayowasha na kuzima hita, ikiharibika mara nyingi hufa ikiwa inapitisha umeme, maana yake hita inawaka na hakuna programu ya kuizima. Bana fyuzi ya nyuzi takribani 100 kwenye bati la rezista, kwenye waya wenyewe wa hita. Usiichomee kwa lehemu kama vipuri vingine, kwa kuwa joto la pasi hupita kwenye mguu na kuikata kabla haijafanya kazi. Tumia viunganishi vya kubana, au ukilazimika kuchomea, shika mguu kwa koleo kati ya lehemu na mwili wa fyuzi ili koleo linywe joto.

Baridi

Hapa ndipo pesa na subira zinapokwenda. Kipuri chenyewe ni moduli ya Peltier, kigae cha sentimita 4 kwa 4. Iliyozoeleka ni TEC1-12706: 127 ni idadi ya jozi za vipande vya semikondakta vilivyomo ndani, 06 ni ampea 6. Kwa volti 12 hula kama wati 60. Upande mmoja hupoa, mwingine hupata moto, na huo wa moto lazima utupe nje joto lililotolewa kwenye boksi pamoja na zile wati 60 zote.

Tuseme hewa ndani iko −5. Bati la ndani, lililobanwa upande wa kigae unaopoa, itabidi liwe kwenye −12 hivi. Bati la nje, la upande wa moto, likishikilia 40, tofauti kati ya nyuso mbili za kigae ni nyuzi 52, na kwa tofauti hiyo uwezo wa kigae huporomoka hadi wati kumi na kidogo. Kuta zinavujisha karibu wati 8, feni ina yake moja na nusu, kifaa chako nacho kinatoa kidogo. Umeshamaliza bajeti. Bati la nje likipanda hadi 50, hupati baridi hiyo tena. Kwa hiyo badala ya kununua kigae kikubwa, nunua kipoza cha prosesa ya kompyuta chenye mabomba ya shaba na feni yake, ukifunge upande wa moto. Kupandisha vigae viwili kimoja juu ya kingine nako hakusaidii kama watu wanavyodhani, kwa kuwa cha nje kinabebeshwa joto na umeme wa mwenzake.

Ukuta una sentimita 5, kwa hiyo kati ya kigae na bati la ndani weka kipande cha alumini cha kujazia. Paka grisi ya joto nyembamba, kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu ili kigae kisipasuke, na weka washa za nailoni, la sivyo skrubu za chuma zitarudisha joto ndani. Usiwashe kigae kikiwa kitupu, hata kukijaribu tu.

Wengi hukiwasha na kukizima kwa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) kama friji. Kila ukizima, joto la bati la nje linarudi ndani kupitia kigae chenyewe. Ni kuteka maji kwa pakacha. Mimi hukiacha kiendelee na umeme usiobadilika, kisha hita ndiyo inayosahihisha. Nikitaka 5, Peltier inavuta chini na hita inawaka kidogo kidogo. Ni ubadhirifu wa umeme, lakini joto linatulia.

Kupima na kudhibiti

Sensa ya joto ya DS18B20 inatosha: kati ya −10 na 85 kosa lake halizidi nusu nyuzi, na ndiyo mipaka yetu. Chukua zilizofungwa kwenye bomba lisiloingiza maji, uzitumbukize kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, ukoroge. Zisome sifuri, ama uandike tofauti yake na kuirekebisha kwenye programu.

Weka mbili. Moja ining'inie hewani na iendeshe hita. Nyingine ibandike kwenye kifaa, kwenye kipuri unachokitilia shaka. Hewa ikiwa 60, kifaa kinachokula wati 2 ndani ya ganda lililofungwa kinaweza kupita 70 bila shida. Anayeandika ripoti kwa joto la hewa peke yake, mimi simwelewi.

Maikrokontrola yoyote, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, itafaa: washa hita hewa ikishuka nusu nyuzi chini ya lengo, zima ikifika. Panda kwa hatua za nyuzi 10, na usianze kupima hadi sensa ya kwenye kifaa itulie, isibadilike zaidi ya nusu nyuzi kwa dakika kumi.

Nini cha kutazama

Kwanza kabisa, kuwasha kifaa kikiwa baridi. Kikipoa huku kinafanya kazi, hujipasha chenyewe na kukudanganya. Kizime, kiache kipoe hadi ndani, ndipo uwashe. Kapasita za elektroliti huongeza ukinzani wa ndani kwenye baridi, na pawasaplai iliyokuwa nzima mezani hugoma kuanza.

Kisha saa. Kristali ndogo ya kilohezi 32.768, inayoipa saa mapigo yake, hupungua kasi ikitoka kwenye 25, iwe kwenda juu au chini, kwa sehemu 0.034 katika milioni, mara tofauti ya nyuzi ikizidishwa kwa yenyewe. Kwenye 65 tofauti ni 40, kwa hiyo 0.034 × 1600 ni 54 katika milioni: sekunde 4.7 kwa siku, zaidi ya dakika mbili kwa mwezi. Kwenye −5 ni sekunde 2.6. Ukiona namba tofauti sana na hizi, chunguza kapasita za pembeni ya kristali.

Lehemu mbovu hujionyesha joto likiwa njiani, linapopanda au kushuka, kuliko likiwa limetulia. Hapo gonga bodi polepole kwa kijiti cha plastiki kupitia tundu.

Betri za lithiamu ziondoe, ulishe kifaa kwa waya kutoka nje. Kuzichaji chini ya sifuri kunaziharibu, na kuzipasha hadi 70 ni kucheza na moto.

Mpangilio wa jaribio ni joto kwanza, baridi baadaye. Joto hukausha plaiwudi na hewa. Tia pakiti ya silika jeli kabla ya kufunga. Ukimaliza baridi, usifungue. Zima Peltier, acha hita ipandishe hadi sensa ya kwenye kifaa ipite joto la chumba kwa nyuzi tano, ndipo uinue kifuniko. Ukifungua mapema, umande utatua juu ya bodi iliyo na umeme, na kasoro utakayoiona baada ya hapo itakuwa umeitengeneza mwenyewe.