Jumla ikibadilika yenyewe, iulize Valgrind

Programu yangu ya C ya gawio la kikundi chetu cha kukopeshana ilikuwa kinyonga. Kwenye laptopu yangu jumla sahihi, kwa mweka hazina mabilioni. Nilipachika printf (amri ya kuchapisha thamani kwenye skrini) kila mahali, na kila nikiongeza moja, kosa linahama. Ukiona hivyo, acha kupiga ramli. Fungua terminali, uendeshe programu yako ndani ya Valgrind, programu inayochunguza jinsi nyingine inavyotumia kumbukumbu:

gcc -g -O0 gawio.c -o gawio
valgrind --track-origins=yes ./gawio

Bila -g hupati namba za mistari. Programu itatambaa kama kobe, mara 20 hadi 30 chini ya kasi yake, kwa hiyo ilishe data kidogo. Mimi nilibakiza wanachama watano. Inachelewa kwa sababu Memcheck, chombo cha Valgrind kinachowaka usipotaja kingine, hutafsiri upya kila amri, na kila biti ya kumbukumbu huwekewa biti kivuli ya kuonyesha kama imeshapewa thamani.

(Julian Seward aliitoa Valgrind 2002, na Nicholas Nethercote akaifanyia tasnifu ya udaktari Cambridge, 2004. Jina hutamkwa kwa i fupi, kama Mswahili anavyolisoma.)

Sasa, penye kunasa watu. Memcheck hainung'uniki takataka, yaani thamani za kigeu ambacho hukukipa thamani, zikinakiliwa au kujumlishwa. Husubiri mpaka zitumike kuamua jambo, mfano kwenye if. Ndiyo maana mstari inaoulalamikia mara nyingi hauna hatia. Kwangu ilinyooshea kidole matumbo ya printf, nikapoteza jioni nzima nikiishuku maktaba ya C. Maskini, ilikuwa safi! Shuka kwenye mistari inayoanza na "by" hadi ukute faili lako mwenyewe, kisha shuka tena hadi "Uninitialised value was created by a stack allocation". Hapo inatajwa funksheni takataka zilimozaliwa. Kigeu chenyewe haikutajii, utakisaka kwa macho. Changu kilikuwa hiki:

long jumla;

Nilisahau = 0, basi. Kwenye laptopu sehemu ile ya stack, kumbukumbu ya vigeu vya ndani ya funksheni, ilikuwa na sifuri kwa bahati tu.

Safu (array) uliyoitangaza ndani ya funksheni ni habari nyingine: ukivuka mwisho wake, Memcheck kwa kawaida haioni. Kompaili upya na -fsanitize=address, uendeshe ./gawio peke yake, maana chaguo hilo na Valgrind havikai chungu kimoja.