Nembo ya biashara ndogo: anza na muhuri

Mteja akija ofisini kwangu hapa Ngamiani, Tanga, mara nyingi anakuja na simu iliyojaa nembo za kampuni kubwa. Naziangalia zote, kisha namuuliza: yako itakaa wapi? Tunaandika pamoja. Muhuri wa risiti, stika ya pakiti, fulana ya muuzaji, picha ya WhatsApp, bango la dukani, ubavu wa bajaji. Tukimaliza natafuta mahali pagumu kuliko pote, na hapo ndipo naanza kuchora. Kwa biashara nyingi ndogo mahali hapo ni muhuri: duara dogo, wino wa rangi moja, na mkono unaogonga kwa haraka. Nembo inayosomeka pale haitakusumbua kwenye bango.

Chukua kazi ya mama mmoja wa Muheza anayefungasha viungo vya milima ya Amani. Alitaka iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, milima yenyewe na jua linachomoza. Nikamwambia, "Mama, tuchague kiungo kimoja." Akanijibu, "Mwanangu, nikiweka iliki peke yake, anayetaka mdalasini atajuaje kama ninao?" Swali la haki kabisa, na wafanyabiashara wengi wanalo moyoni. Lakini kutaja bidhaa ni kazi ya maandishi ya pakiti. Kazi ya nembo ni kumfanya mnunuzi aliyeridhika aitambue pakiti yako safari ijayo, akiwa amesimama nje ya kaunta na pakiti iko rafu ya juu.

Kwa hiyo kabla ya kushika penseli nilikwenda kwenye maduka anakouza, nikaomba ruhusa, nikapiga picha za rafu kutoka pale anaposimama mnunuzi. Karibu pakiti zote zilikuwa nyekundu au kijani, na nyingi zilikuwa na picha ya sahani ya pilau. Rangi yetu ikajipata yenyewe: zambarau iliyokolea, herufi nyeupe. Usiiruke hatua hii hata kama mteja ana haraka. Rangi nzuri ni ile ambayo jirani yako wa rafuni hana.

Chora kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi, rangi baadaye. Ganda la iliki lina mistari mingi inayoshuka. Tulibakiza mitatu, kwa sababu mistari iliyosongamana hujaa wino ikawa doa. Ukipata mchoro unaoupenda, uchapishe kwa ukubwa wa muhuri, utoe fotokopi, kisha utoe fotokopi ya ile fotokopi. Kitakachopotea hapo kiondoe mwenyewe kabla hakijapotelea kwa mchapaji. Halafu uuweke ndani ya duara, maana WhatsApp hukata pembe zote, na jina lililotandazwa upana mzima litabaki nusu.

Anayetaka kujifunza mpangilio namshauri aitandaze kanga mezani. Pindo linazunguka na kufunga macho ndani, mji, yaani uwanja wa ndani ya pindo, una umbo moja kubwa la kati, jina limekaa chini, mstari mmoja wa herufi kubwa zisizo na mapambo. Rangi ni chache, na ukiwa ng'ambo ya barabara bado unaitambua. Wabunifu wa kanga wamekuwa wakifanya kazi hii tangu karne ya 19, na mimi bado najifunza kwao.

Kwa herufi, fonti moja inatosha, mbili ni mwisho. Google Fonts ina fonti nyingi za bure zinazoruhusiwa kibiashara. Andika jina kamili la mteja kabla ya kuamua, hasa kama lina ng', kwa sababu kuna fonti ambazo ile alama ya juu hukaa mbali na herufi, jina likaonekana limekatika.

Sasa rangi na jua. Bango la nje huchapwa kwa wino nne: samawati, majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi. Majenta na njano ndizo huwahi kupauka juani, na nyekundu inatokana na hizo mbili. Ndiyo maana mabango mekundu ya barabarani huishia kuwa waridi, samawati na nyeusi zikiwa bado zipo. Mteja anayeng'ang'ania nyekundu mwambie mapema kwamba bango lake litahitaji kuchapwa upya mara nyingi zaidi. Zambarau nayo ina majenta ndani, hivyo ya mama wa Muheza niliiongezea samawati na nyeusi. Andika namba za hizo wino nne na umpe mteja, kwa sababu kioo cha simu na karatasi havionyeshi rangi sawasawa.

Kuhusu umiliki sina mzaha. Nembo iliyojengwa kwa michoro ya maktaba ya Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni, inaweza kuwa ya watu elfu wengine, na huwezi kuisajili kama alama yako ya biashara. Chora umbo lako. Kisha mweleze mteja kwamba kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, hakumlindii nembo. Alama ya biashara ina maombi yake, kwa daraja la bidhaa. Viungo, chai na kahawa viko daraja la 30, nguo ziko la 25. Tanzania Bara usajili wa kwanza ni miaka 7, ukihuishwa ni 10. Zanzibar ina usajili wake kupitia BPRA, wakala wa huko wa usajili wa biashara na mali, kwa hiyo anayeuza pande zote mbili asajili kote. Na alama ya TBS, shirika la viwango, usiipachike kwenye pakiti mpaka mteja akuonyeshe leseni.

Siku ya kukabidhi, usimtumie mteja picha moja ya WhatsApp ukaondoka. Mpe faili la vekta, SVG au PDF, ambalo halichakai likikuzwa. PNG isiyo na usuli. Toleo jeusi tupu na toleo jeupe tupu. Viweke kwenye flashi na kwenye barua pepe yake mwenyewe, siyo ya mpwa wake. Inkscape ni programu ya bure na inatoa hayo yote. Muhuri wenyewe natengenezesha mimi, nauweka mezani na kidau cha wino, mteja augonge kabla hajamalizia malipo.