Umepanda nyasi za asili? Mwaka wa kwanza fyeka

Kwa mnaorudisha prairi, yaani mbuga za nyasi za asili, huku Iowa, Marekani, mwaka wa kwanza fyekeni na msiogope. Magugu yakifika goti hivi, kata yote yabaki sentimita 15 hadi 20, yakipanda tena rudia, hivyo hivyo mpaka Septemba. Mimi roho iliniuma kweli, naona kama naua nilichopanda, ila nikapiga magoti nikapekua chini nikakuta vimiche vya big bluestem, moja ya nyasi hizo za asili, vyembamba kama uzi, urefu wa kidole tu, kisu cha mashine hakivigusi kabisa. Nyasi hizi mwaka wa kwanza nguvu zote zinapeleka kwenye mizizi, juu zinabaki fupi, kwa hiyo unachokata ni magugu, miche inapata jua na magugu hayapati nafasi ya kumwaga mbegu. Ukichelewa mpaka yafike kiunoni imekula kwako, mabua yaliyokatwa yanalala mazito yanafunika miche, hapo inabidi uyakusanye uyatoe. Na kama shida yako ni bromu, aina ya nyasi gugu, kufyeka huku hakutoshi, ile ina mizizi ya kudumu, unakata inachipua, ilitakiwa uimalize kabla hujapanda.