Kuosha gari jeusi kwa mitungi mitatu

Gari jeusi Nairobi ni adhabu ya kujitakia. Mvua ikikatika tu, vumbi la Eastern Bypass limeshatanda juu ya boneti. Mimi ni dereva wa teksi ya programu ya simu, naendesha Toyota Fielder, na abiria akikuta mlango una matope hushika kitasa kwa vidole viwili; akishuka, nyota zimepungua. Kwa hiyo gari huoshwa, mgao wa maji uwepo usiwepo. Ploti yetu iko Utawala na keateka, msimamizi wa ploti, hataki kuona mpira wa maji pale uani. Natumia mitungi mitatu ya lita 20, na inanitosha.

Kinachochubua rangi ni mchanga. Juu ya rangi yenyewe kuna tabaka ambalo mafundi huliita klia, nalo ni jembamba kuliko unywele. Ukipitisha kitambaa kikavu juu ya vumbi, unaisugua klia kwa chembe za mchanga. Tazama boneti nyeusi saa saba mchana: ile mistari ya mviringo inayong'aa kama utando wa buibui ni kazi ya watu wenye haraka. Kijana wa stejini akija na kitambaa kilichokwisha kufuta magari ya watu tangu asubuhi, mpe pesa ya chai aliache lako.

Osha kabla ya saa mbili asubuhi au jua likishaelekea Ngong. Huku juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, jua ni kali hata siku ya baridi, na sabuni hukaukia kwenye rangi kabla hujafika mlango wa pili. Gusa boneti kwa nyuma ya kiganja. Ikiwa bado moto, ngoja.

Anza na magurudumu, kwa brashi yake na maji yake, nje ya ile mitungi mitatu. Udongo wetu mweusi hung'ang'ania ndani ya madigadi, na ukikauka hauondoki kwa kubembelezwa. Uloweshe kwanza, uende ukanywe chai, kisha urudi.

Mtungi wa kwanza ni wa kutoa vumbi bila kuligusa gari. Nenda agroveti ununue bomba la kunyunyizia dawa za mimea, la lita tano, jipya kabisa, lisilowahi kuonja dawa ya magugu. Nyunyiza kuanzia paa kwenda chini, taratibu, hadi maji yanayodondoka yaanze kuwa meupe. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ukipaharakisha, yanayofuata ni kuchubua tu.

Mtungi wa pili ugawe kwenye ndoo mbili: moja shampuu ya gari, nyingine maji matupu ya kusuuzia glavu. Sabuni ya unga iache kwenye nguo: huondoa nta, na chembe zisizoyeyuka zinakwaruza. Sponji la bafuni nalo hubeba mchanga usoni pake. Nunua glavu ya maikrofaiba yenye nyuzi ndefu, maana mchanga huzama ndani ya nyuzi. Paa, vioo, boneti, buti, halafu milango. Sehemu za chini za milango ziwe za mwisho. Pitisha kwa mistari iliyonyooka, suuza glavu, rudi. Ikianguka chini, hiyo sasa ni msasa: ioshe upya au chukua nyingine.

Mtungi wa tatu ni wa suuza ya mwisho, na usiwe wa maji ya kisima. Mengi ya huku yana chumvi, na yakikauka huacha vidoa vyeupe. Mimi huweka maji ya mfereji, yale ya bwawa la Ndakaini, au ya mvua niliyokinga. Kisha tandaza taulo kubwa ya maikrofaiba juu ya paa na uivute, usisugue.

Kinyesi cha ndege hakingoji siku ya kuosha. Aliyewahi kuegesha chini ya wale korongo wakubwa karibu na uwanja wa Nyayo anajua. Kinakula klia, hasa juani. Weka kitambaa kilicholowa juu yake kwa dakika kumi, kisha inua kitambaa pamoja na kinyesi. Msimu wa mijakaranda, inua boneti utoe maua yaliyojazana chini ya waipa. Yakioza huziba njia ya maji, na maji huingia miguuni mwa abiria.

Kama rangi ni safi lakini haing'ai, vaa mfuko wa nailoni wa mkate mkononi (ile mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 2017) upapase boneti iliyooshwa. Ukihisi vipele, ni uchafu uliojishika. Waulizie wauza vipuri wa Kirinyaga Road klei ya kusafishia rangi. Isugue kwa maji ya shampuu, polepole, ndipo upake nta nyembamba. Nta nene haiongezi kitu ila kazi ya kuifuta.

Ndani hakuna siri: toa mikeka, fyonza vumbi, pitisha brashi laini kwenye matundu ya hewa, futa dashibodi kwa kitambaa chenye unyevu. Yale mafuta ya kung'arisha dashibodi siyataki, yanarudisha mwanga kwenye kioo cha mbele. Injini usiimwagie maji, kitambaa kinatosha.

Kabla ya kuliegesha, lizungushe mtaani ukikanyaga breki kidogo kidogo. Diski zikilala na maji zinashika kutu, na asubuhi mteja wa kwanza atakuuliza gari lina nini.