Kuchagua piki ya bei mbaya kwa mandolini na gitaa kavu

Ukiulizia "piki" madukani Mwanza mjini, usishangae ukielekezwa kwa mafundi pikipiki. Hapa tunazungumzia ile nyingine, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, unachobana kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Siku hizi kipande kimoja kinaweza kuuzwa dola 35 na zaidi, na hakizuiwi na chochote kuchomoka mfukoni ukiwa juu ya kivuko cha Kamanga. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inafanyika kabla hujatoa pesa.

Kwa bei hiyo unapata mambo mawili tu: mata, yaani malighafi yake, inayochelewa kulika, na ukingo uliochongwa vizuri na mtengenezaji. Umbo, ukubwa na unene unavitafuta kwa vitu vya bei ya chini. Anayeanza na piki ya gharama huishia kuwa nazo nne, na hajui hata moja inamfaa kwa sababu gani.

Hatua ya 1: Nyuzi

Badilisha nyuzi za ala zote mbili, gitaa na mandolini (mfano wa gitaa dogo), zipige siku mbili zitulie, ndipo uanze kulinganisha. Nyuzi zilizokula jasho na kutu hufanya piki zote zisikike sawa.

Hatua ya 2: Umbo, kwa kadi ya benki iliyokwisha muda

Kadi za benki zina unene wa milimita 0.76. Kata kwanza chipu na namba ziende zao, halafu chora maumbo mawili kwenye kinachobaki. La kwanza ni lile la kawaida lenye mfano wa tone, ambalo D'Andrea, watengenezaji wa piki, waliliita 351. La pili ni pembetatu kubwa yenye kona za mviringo, yaani 346. Kata kwa mkasi na usawazishe kwa msasa.

Ukitaka kuhisi unene wa piki ya mandolini, gundisha vipande viwili kwa supagluu: kwaruza nyuso zote mbili kwa msasa kwanza, paka kidogo, bana kwa vibanio vya nguo hadi kesho yake. Utapata milimita 1.5 hivi. Usihukumu sauti yake, maana plastiki ya kadi hulia kama kadi. Unachopima ni mkono: je, inazunguka kati ya vidole unapopiga tremolo, yaani chini na juu haraka haraka kwenye nota ileile? Kama ile ya tone inazunguka na pembetatu inatulia, umepata jibu. Kwa mandolini wengi hutulia na pembetatu, na mimi sioni sababu ya kuhangaika na ile ndogo. Zaidi ya yote, pembetatu ina kona tatu: ikilika moja unageuza.

Hatua ya 3: Unene

Mandolini ina nyuzi nane katika jozi nne, G D A E. Ni fupi, na zimekazwa sana kuliko unavyodhani ukiitazama. Piki inayopinda huchelewa kurudi, tremolo inalegea. Anzia milimita 1.2, mwisho 1.5.

Gitaa kavu linataka mambo mawili yanayogombana. Kwa kucharaza kodi (nota kadhaa kwa pamoja) nyuma ya waimbaji, 0.7 hadi 0.9 inatosha, na piki nene itawafunika wanakwaya wako. Kwa kupiga solo nota moja moja, 1.0 hadi 1.3. Ukitaka piki moja ya ala zote mbili, kaa kwenye 1.2 au 1.3 na ujifunze kulegeza vidole wakati wa kodi.

Hatua ya 4: Ukingo

Hapa ndipo watu hupoteza wiki nzima wakibadilisha piki ilhali tatizo ni milimita mbili za mwisho za ncha.

Chukua piki uliyoitumia muda mrefu, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha, ncha ikitazama chini. Utaona upande mmoja wa ncha umelika kwa mshazari, tuseme wa kushoto. Igeuze uone uso wa pili: umelika kushoto tena. Sababu ni kwamba hakuna anayepiga piki ikiwa imelala sambamba kabisa na nyuzi. Sote tunaiinamisha kidogo. Ukipiga kwenda chini unagusa ukingo mmoja, ukirudi juu unagusa ule wa pili kwenye uso wa pili. Mlalo huo uliochongwa na nyuzi ndio watengenezaji wanaouchonga mapema na kukuuzia. Kwa hiyo, anayepiga kwa mkono wa kushoto akinunua piki ya mkono wa kulia, mlalo wote unakaa upande usioguswa na nyuzi. Angalia jambo hili kabla ya kuagiza. Na kama piki yako ya zamani imelika ncha katikati, pande zote sawa, basi unapiga karibu na sambamba na mlalo hautakusaidia. Okoa pesa yako.

Uchonge mwenyewe kwanza. Tafuta piki tatu za Ultex au Tortex, plastiki za kampuni ya Dunlop, za unene uliopata, na karatasi za msasa mweusi wa maji, ule wa mafundi rangi wa magari: namba 400, 600, 1000 na 2000. Weka msasa juu ya kioo, dondosha maji, shika piki ikiwa imeinama digrii 30 hadi 45, na uvute upande mmoja tu. Mivuto 20 kwa namba 400, kisha geuza ufanye uso wa pili. Tazama. Ongeza mitano mitano, maana ulichoondoa hakirudi. Panda hadi 2000, halafu ng'arisha kwenye kipande cha jinzi chenye dawa ya meno.

Tahadhari zake ni nyingi. Usitumie mashine ya kusaga: joto huyeyusha Tortex na nailoni, na ukingo unaota vimanyoya ambavyo utavisikia kwenye kila nota. Nailoni haing'ariki vizuri hata kwa mkono, iache. Seluloidi ya zamani, ile yenye madoa ya rangi ya ganda la kasa, inashika moto kirahisi. Usiichonge karibu na jiko. Maji kwenye msasa ni ya lazima, vinginevyo unavuta vumbi la plastiki. Na ncha ikishakuwa kali sana kwa mandolini, umeiharibu: ncha kali huingia kati ya nyuzi mbili za jozi, inagusa mmoja na kuukosa wa pili, na tremolo inasikika kama inakwama. Mandolini inataka ncha ya mviringo. Gitaa ndilo linalovumilia ncha kali.

Halafu kuna mkwaruzo. Unapiga, na chini ya nota unasikia "kwruu" kwenye nyuzi nene, G na D za mandolini au zile nne nene za gitaa. Hizo zimezungushiwa waya, na ukingo wenye pembe unakwangua mizunguko yake kama kijiti kinavyopita kwenye ubao wa kufulia. Kabla ya kulaumu piki, kagua haya kwa mpangilio huu. Kwanza kucha ya kidole cha shahada: ikitokeza mbele ya piki inagusa nyuzi, ikate. Pili, kwenye mandolini, angalia mwisho wa shingo unaoning'inia karibu na tundu. Una freti, vile vyuma vya shingoni, na piki ikizama inazigonga, tak tak, mtu anadhani ni ukingo. Sogeza mkono nyuma sentimita mbili kuelekea kwenye daraja. Mlio ukikoma, piki haina kosa. Tatu, punguza mwinamo. Ni hapo tu unaporudi kwenye msasa wa 2000 na kuua pembe zilizobaki.

Hatua ya 5: Mata

Ganda la ng'amba, kasa wa Bahari ya Hindi, ndilo lililotumika zamani, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Hata ukiuziwa kimya kimya na mtu aliyetoka pwani, achana nalo.

Kaseini, inayotokana na protini ya maziwa, ndiyo inayokaribia ladha ile. Inanyonya unyevu na jasho, ikipinda haikuambii, na kwa hewa ya kandokando ya ziwa sipendekezi. Pembe la ng'ombe halikosekani Usukumani na fundi atakukatia, ila linabanduka tabaka kwa tabaka kwenye ncha. Ni zuri kwa majaribio.

Zinazobaki ni hizi. Primetone za Dunlop ni Ultex iliyochongwa ukingo, huuzwa tatu kwa pakiti, na kwa wengi safari inafaa iishie hapo. Wegen zinatoka Uholanzi. TF140 ni milimita 1.4 na M150 ni 1.5, sauti yake angavu, nzuri kwa mandolini yenye sauti nzito. BlueChip za Marekani zinalika polepole kuliko zote, sauti yake imefunikwa kidogo, na zikipata joto la vidole zinashika zisizunguke. Kwa mkono unaotoka jasho Februari, hilo la mwisho lina thamani kuliko sauti.

Hatua ya 6: Rekodi

Weka simu mita moja kutoka kwenye tundu, isiguswe tena. Tumia programu ya kurekodi ya simu. Sauti iliyotumwa WhatsApp hubanwa na kupoteza mlio wa juu, ambao ndio unaoutafuta. Chumba kiwe na mapazia au kitanda. Chini ya bati msimu wa mvua, ahirisha.

Kwa mandolini: tremolo sekunde nane kwenye G, nane kwenye E, kisha kodi nne za kukata. Kwa gitaa: E nene mara nne, skeli ya G, kodi tatu. Mtu mwingine akupangie piki na kuandika namba bila kukuonyesha, usikilize kesho yake asubuhi.

Hatua ya 7: Kuagiza

Namba ya BlueChip ni sehemu za elfu moja za inchi: 40 ni milimita 1.0, 50 ni 1.27, 55 ni 1.4, 60 ni 1.5. TP ni pembetatu kubwa, na CT55 ni ya Chris Thile, mpiga mandolini. Alama "1R" inamaanisha kona moja imeviringishwa na mbili ni kali. Hiyo ndiyo ningemwagizia mtu mwenye ala zote mbili: kona ya mviringo ya mandolini, kali za gitaa, katika 50. Agiza kwa mtengenezaji mwenyewe, au mpe mtu anayesafiri. Ni kitu cha kuingia kwenye bahasha.

Rangi yake ni ya kahawia kama sakafu ya mbao na vumbi la Igoma. Ikianguka, usipige hatua hadi uione.