Jinsi ya kufuga reinbo shaki na yoyo lochi tanki moja bila vita

Juzi nilikuwa namsaidia mtu kupanga upya tanki lake la samaki wa mapambo, ana samaki anaitwa reinbo shaki, kaongeza wengine wanaitwa yoyo lochi na tangu hapo ni kukimbizana tu usiku na mchana. Ushauri wote aliokuwa amepewa ni "nunua tanki kubwa". Sawa, kubwa linasaidia, ila hata lita 400 shaki anaweza kuwanyima lochi raha kama akikaa sehemu moja anaiona sakafu yote. Kwa hiyo nimeandika ninavyofanya mimi, hatua kwa hatua.

Kwanza jua unafuga nini. Reinbo shaki, Epalzeorhynchos frenatum, jina shaki ni papa kwa Kiingereza ila huyu sio papa hata kidogo, ni ukoo mmoja na goldfishi, asili yake mito ya kusini mashariki mwa Asia kama Mekong na Chao Phraya. Anafika kama sentimita 15. Akiwa mdogo ni mpole mpaka unamwonea huruma, akikua anajichagulia eneo lake chini na analilinda. Yoyo lochi, Botia almorhae, ametokea upande wa India na Nepali, anakaribia saizi hiyo hiyo na anaishi kikundi, na wao kwa wao wanagombania ukubwa. Yani mmoja anataka pake pasiguswe, wengine wanataka wapite kila kona. Ugomvi wote unaanzia hapo.

Hatua ya 1: Tanki

Angalia sakafu, achana na lita. Urefu sentimita 120 na upana 45, chini ya hapo mimi sishauri. Tanki refu kwenda juu ni la kufurahisha macho tu, hawa wote wanaishi chini. Joto nyuzi 25 au 26, pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 6.5 na 7.5, na tanki lisaikliwe kwanza, yani filta iachwe iote bakteria wa kusafisha maji kabla ya kuweka samaki. Mfuniko ni lazima, shaki mgeni anaruka, na matundu ya mabomba ya filta yazibe kwa sponji maana lochi wanaingia popote.

Hatua ya 2: Idadi

Shaki mmoja. Sio wawili, na usimwekee redteili shaki (yule wa mkia mwekundu) pembeni ukidhani kwa kuwa ni aina nyingine watapatana, ni ndugu wa karibu kabisa na redteili ndio mkali zaidi. Reinbo shaki albino, yule mweupe, naye ni yule yule, rangi tu imebadilika, tabia ni zile zile. Lochi kuanzia 5. Watu wanaogopa wanaweka 2, hao 2 ndio wanaoteseka kwa sababu hasira zote za shaki zinawaangukia wao, wakiwa 5 au 6 zinagawanyika na wanakuwa bize na mambo yao.

Hatua ya 3: Mchanga

Laini. Kokoto zenye ncha zinakula sharubu za lochi, naye anapenda kuchimbachimba akitafuta chakula. Sina zaidi.

Hatua ya 4: Kupanga mawe na mapango

Hapa ndipo kwenye kazi, na ndipo watu wanapopita haraka. Lengo ni moja, shaki akiwa mlangoni kwake asiweze kuona upande wa pili wa tanki. Asichokiona hakikimbizi. Sasa namna ya kupima, chuchumaa mpaka jicho lako lilingane na mchanga, kaa ubavuni mwa tanki, angalia kwa kioo cha pembeni. Kama unaona kioo cha upande wa pili, na shaki anakiona, kwa hiyo ongeza jiwe au gogo katikati mpaka usikione. Alafu rudia upande mwingine, alafu mbele. Usipime ukiwa umesimama, kutoka juu kila tanki linaonekana limejaa wakati kule chini ni uwanja wa mpira.

Kuta za kukata macho zifike angalau nusu ya kimo cha maji, na zisikae mstari mmoja, zipishane, ili lochi akikimbizwa akate kona mbili tu awe ameshapotea. Mapango yawe mengi kuliko samaki. Pango la tundu moja ni mtego, lochi akiingia shaki anasimama mlangoni na hamna pa kutokea, kwa hiyo kila pango liwe na matundu mawili. Mimi natumia vipande vya bomba la plastiki la maji, nalikata, napiga msasa kingo, nalifunika na mawe, basi. Yale makasri na meli za kuzama za dukani siyapendi, mengi yana tundu moja, mengine yana kingo kali zinazochuna samaki. Chagua bomba jembamba, lochi wawili watatu wajibane humo, na shaki akishakua asiweze kugeukia ndani. Milango ya mapango iangalie pande tofauti, mapango mawili yanayotazamana ni ugomvi umeutengeneza mwenyewe.

Mawe makubwa yakae moja kwa moja kwenye kioo cha chini, mchanga umwage baadaye. Ukiyaweka juu ya mchanga lochi wanachimba chini yake, siku moja jiwe linalala juu ya samaki au linapiga kioo. Yatikise kwa mkono, likicheza hata kidogo lipange upya. Na acha kauwanja kamoja wazi mbele, utakahitaji kwenye chakula.

Kama shaki alishakuwepo zamani na tanki analiona mali yake, kusogeza jiwe moja hakusaidii. Mtoe kabisa, muweke tanki lingine lenye filta kwa wiki moja hivi, badilisha kila kitu, na lile pango alilokuwa analipenda liondoe lisirudi. Hakikisha akirudi hakuna kona hata moja anayoikumbuka.

Hatua ya 5: Karantini ya lochi

Wiki 3 au 4 tanki la pembeni. Lochi wengi wanakuja na minyoo tumboni, utamwona anakula vizuri ila mgongo umekonda kama kisu, huyo anahitaji dawa ya minyoo kama levamisoli. Ugonjwa wa madoa meupe pia unawapenda sana. Magamba yao ni madogo mno, dawa zinawachoma haraka, zenye shaba sizigusi kabisa. Kwa madoa napandisha joto taratibu mpaka nyuzi 30 na kuongeza pampu ya hewa, maana maji ya moto yanashika oksijeni kidogo. Kuwahamisha tumia jagi au bakuli, sio wavu. Chini ya jicho lochi ana mwiba unaochomoza akiogopa, ukinasa kwenye wavu utakaa hapo unakata nyuzi na mkasi huku samaki anahema.

Hatua ya 6: Kuingiza

Kama unaanza upya, lochi kwanza, shaki mwisho, baada ya wiki kadhaa, na awe mdogo kuliko lochi. Taa zizimwe siku nzima.

Hatua ya 7: Chakula

Tembe za kuzama, ziweke sehemu mbili zilizo mbali kwa wakati mmoja. Shaki hawezi kulinda zote. Nyingine weka taa zikishazimwa, lochi ndio wanachangamka. Kipande cha tango kilichochemshwa kidogo wote wanakikwangua, ila kitoe asubuhi. Konokono usitegemee kubaki nao, lochi watawamaliza.

Hatua ya 8: Kuangalia

Kukimbizana kwa sekunde mbili tatu alafu kila mtu anarudi kwake ni kawaida, usitoe mtu. Ukisikia milio ya tik tik usishtuke, ni lochi wenyewe, na ukimkuta mmoja kalala ubavu kama kafa mguse kwanza kabla hujalia, ndio kulala kwao. Lochi wakigombania ukubwa rangi inafifia na kuwa kijivu na michoro inapotea, ikirudi baada ya muda wameshamalizana.

Cha kuogopa ni lochi anayekaa juu karibu na hita au filta mchana kutwa, mapezi yaliyochanika, au mmoja asiyekuja kula siku mbili mfululizo. Ukiona hivyo rudi hatua ya 4, chuchumaa upime tena. Ikishindikana baada ya hapo toa shaki, usitoe lochi mmoja mmoja, maana kila unayemtoa anawaongezea mzigo waliobaki.